Mfupa Unapouma Tena: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye CRMO

Mzazi ambaye mtoto wake ameambiwa kwamba ana CRMO, ugonjwa wa mchochota wa mifupa unaorudiarudia, huwa amepita njia ndefu kabla ya kulisikia jina hilo. Aghalabu mtoto alianza kwa kuchechemea, ikadhaniwa ameteguka. Maumivu yalipoendelea akapewa antibayotiki, kisha nyingine yenye nguvu zaidi. Picha ya mfupa ikaonyesha tundu lisilotarajiwa, na nyumba nzima ikakosa usingizi kwa kungoja majibu ya kipimo cha saratani. Basi jina la ugonjwa linapopatikana, dawa zikaanza na maumivu yakaondoka, ni rahisi kuamini kwamba mambo yamekwisha. Miezi au miaka hupita, kisha usiku mmoja mtoto huamka ameshika mguu. Mwongozo huu unahusu usiku huo na miezi inayoufuata: jinsi ya kujua kama ugonjwa umerudi kweli, jinsi ya kumpelekea daktari taarifa itakayomsaidia kuamua, na jinsi ya kuzitumia dawa zilizopo bila kuzigeuza kuwa tatizo jingine.

Utaona kwamba ninalirudia jambo moja mara kwa mara, nalo ni kwamba maumivu ni shahidi muhimu katika ugonjwa huu, ila ni shahidi asiyetosha peke yake. Mfupa waweza kuuma hali ugonjwa umelala, na ugonjwa waweza kuwa unaila pingili ya mgongo hali mtoto anacheza kama kawaida. Makosa mengi ya matibabu, yale ya kuacha dawa mapema na yale ya kuongeza dawa bila sababu, huanza pale ushahidi wa maumivu unapoaminiwa bila kulinganishwa na ushahidi mwingine.

Ugonjwa wenyewe

CRMO, kifupi cha jina la Kiingereza chronic recurrent multifocal osteomyelitis, ni mchochota wa mifupa, yaani hali ambayo mfupa huvimba na kuuma kutoka ndani, lakini bila kuwapo bakteria wala kidudu kingine kinachousababisha. Siku hizi madaktari wengi hutumia jina pana zaidi, CNO, kwa aina zote za ugonjwa huu, na huliweka jina la CRMO kwa watoto ambao mifupa yao kadhaa hushambuliwa na ambao ugonjwa huwajia na kuondoka. Ukiyakuta majina yote mawili katika faili moja usifadhaike. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na Andreas Giedion, bingwa wa picha za tiba za watoto nchini Uswisi, pamoja na wenzake, ambao walivutiwa na jinsi vidonda vya mifupa vilivyojitokeza kwa ulinganifu pande zote mbili za mwili.

Kiini chake ni kinga ya mwili ya kuzaliwa nayo, ile inayofanya kazi bila kuhitaji kumjua adui mmoja mmoja, ambayo huwaka bila kuchokozwa. Chembe za kinga za watoto hawa hutoa kwa wingi protini zinazochochea mchochota, kama TNF, interleukini-1 na interleukini-6, na hutoa kidogo mno interleukini-10, ambayo kazi yake ni kutuliza. Mchafuko huo huziamsha seli zinazobomoa mfupa, ndiyo maana picha za mwanzo huonyesha matundu, na picha za baadaye, mfupa unapojijenga upya, huonyesha sehemu iliyo nene na ngumu kuliko kawaida. Inafaa kuukumbuka mfuatano huu, kwa sababu kila kundi la dawa nitakalolitaja huushika mahali pake.

Watoto wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 7 na 12, na wasichana ni wengi kuliko wavulana, takriban wawili kwa mmoja. Sehemu zinazopendwa na ugonjwa ni ncha za mifupa mirefu ya miguu, hasa muundi na mfupa wa paja, karibu na pale mfupa unapokua. Kisha nyonga, pingili za uti wa mgongo, mifupa ya nyayo, taya la chini na mtulinga. Mtulinga uliovimba upande wa karibu na kidari, kwa mtoto ambaye hana homa wala haonekani mgonjwa, ni dalili ambayo bingwa wa rumatolojia, yaani magonjwa ya viungo na mifupa, huitambua haraka. Mifupa ya fuvu inayoufunika ubongo, kinyume chake, huachwa karibu kila mara, na ikionekana imeshambuliwa ni lazima ugonjwa mwingine utafutwe. Baadhi ya watoto hupata pia psoriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba), vipele vyenye usaha kwenye viganja na nyayo, chunusi kali, mchochota wa viungo au mchochota wa utumbo, na dalili hizi zaweza kutangulia maumivu ya mfupa au kuyafuata baada ya miaka.

Iwapo dalili zilianza katika miaka 2 ya kwanza ya maisha, hasa pamoja na upungufu wa damu au vipele vya usaha, uliza kuhusu kipimo cha jeni. Zipo aina chache zinazorithiwa, kama ile ya Majeed inayotokana na hitilafu katika jeni la LPIN2, ambazo hutibiwa kwa dawa za kuzuia interleukini-1 kama anakinra, na ambazo matibabu yake yana njia tofauti na hii ninayoieleza hapa.

Maana ya kurudi

Kurudiarudia kumo ndani ya jina lenyewe. Ndiko kunakosimamiwa na herufi R, ya neno recurrent. Dawa tulizo nazo huuzima mchochota, lakini haziuondoi mwelekeo wa mwili wa kuuwasha tena, na kwa watoto wanaotibiwa kwa dawa za hatua ya kwanza peke yake, zaidi ya nusu hurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka 2 hivi. Mzazi asijihesabu kuwa amekosea. Nalisema hili mapema kwa sababu ya kivitendo kabisa: anayeogopa lawama huficha dozi zilizorukwa, na daktari asiyejua kwamba dozi zilirukwa hudhani dawa imeshindwa, akaandika nyingine kali zaidi ambayo mtoto hakuihitaji.

Kinachoitwa kurudi chaweza kuwa mambo matatu yasiyofanana. Huenda kidonda cha zamani kimeamka. Huenda mfupa ambao haukuwahi kuguswa umeshambuliwa. Na huenda ugonjwa haukuwahi kulala, bali ulififishwa tu na dawa ya maumivu, ukaonekana upya dawa ilipopunguzwa. Hali hii ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo haiwezi kujulikana bila kuwa na picha iliyopigwa wakati ule mtoto alipodhaniwa kuwa amepona. Ndiyo maana picha ya kipindi cha utulivu, ambayo familia nyingi huiona kuwa usumbufu kwa mtoto asiyeumwa, ina thamani kuliko ile inayopigwa katikati ya maumivu.

Maumivu mapya yanapoanza

Usiku wa kwanza, mtoto apewe kituliza maumivu alichokwisha kuruhusiwa na daktari wake. Kama tayari anameza naproksini au dawa nyingine ya kundi hilo, asiongezwe ibuprofeni wala diklofenaki juu yake, kwa sababu hizo ni ndugu wa tumbo moja: kuzichanganya hakuongezi nafuu ya maana, bali huongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo. Parasetamoli si ya kundi hilo na yaweza kuongezwa kwa dozi inayolingana na uzito wa mtoto. Asipewe antibayotiki zilizobaki nyumbani, wala vidonge vya steroidi vilivyobaki kutoka kipindi kilichopita. Sababu ya katazo hili la pili nitaieleza mbele, nayo ni nzito.

Asubuhi, mwangalie mtoto akitembea kabla hajajua kwamba anaangaliwa. Kuchechemea ambako hupungua baada ya nusu saa ya kujinyoosha huelekea kwenye mchochota, ilhali kule kunakozidi kadiri siku inavyokwenda mara nyingi ni kwa jeraha au uchovu. Kisha mlaze, na kwa kidole kimoja ubonyeze taratibu mifupa unayoweza kuifikia, ukianza na upande usiouma: mitulinga yote miwili, muundi kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, mifupa ya nyayo, na mstari wa katikati ya mgongo pingili kwa pingili. Unatafuta mahali ambapo mtoto hushtuka kila unapoparudia hata ukimzungumzisha mambo mengine. Gusa kwa mgongo wa mkono uone kama pana joto kuliko upande wa pili. Mwisho, mwache ainame mbele huku wewe umesimama nyuma yake, uutazame mstari wa mgongo.

Andika ulichokiona siku hiyo hiyo. Daftari dogo latosha, na ukurasa mmoja uwe na mchoro wa mwili, mbele na nyuma, ambao mtoto mwenyewe anautia alama panapouma. Weka tarehe, saa ambazo maumivu huja, ukali wake kwa kipimo cha 0 hadi 10, kama yanamwamsha usingizini, kama ana homa, hali ya ngozi na ya choo, siku alizokosa shule, na dozi zilizorukwa. Kwa mtoto mdogo, nyuso tano zilizochorwa kuanzia inayocheka hadi inayolia hufanya kazi ya tarakimu. Wiki 2 za kumbukumbu za namna hii humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa yanayotegemea kumbukumbu ya mzazi aliyechoka.

Yapo mambo yasiyongoja wiki 2. Ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia mkojo au choo, na maumivu makali ya ghafla ya mgongo humaanisha kwamba pingili yaweza kuwa imepondeka na inagusa neva, na mtoto anapaswa kufikishwa hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo homa kali pamoja na mfupa mwekundu wenye joto, hasa kwa mtoto anayetumia dawa zinazopunguza kinga.

Je, ni ugonjwa ule ule?

Hapa ndipo mtoto mwenye CRMO anapokuwa katika hatari ya pekee, kwa sababu akishakuwa na jina la ugonjwa, kila maumivu yake huwekwa chini ya jina hilo. Mtoto huyu huanguka kama wenzake, huvunjika mifupa kama wenzake, na hana kinga dhidi ya saratani wala dhidi ya bakteria.

Maumivu ya kukua, kama yanavyoitwa, huja jioni au usiku wa mapema, huwa katika miguu yote miwili, hayana mahali maalumu pa kubonyeza, na asubuhi mtoto hukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea. Maambukizi ya bakteria humfanya mtoto aonekane mgonjwa kweli: homa hupanda, hula kidogo, haukanyagii mguu, na vipimo vya damu vya mchochota hupanda sana. Katika CRMO vipimo hivyo hupanda kidogo, au havipandi kabisa, na CRP, kimojawapo cha vipimo hivyo, inayozidi miligramu 30 kwa lita inapaswa kumfanya daktari asite na kutafuta chanzo kingine. Jambo hili lina upande wa pili ambao mzazi anapaswa kuujua ili asirudishwe nyumbani kwa haraka: damu ikiwa safi haithibitishi kwamba ugonjwa haujarudi.

Saratani ya damu huweza kuuma katika mifupa mingi na kuigiza CRMO kwa ustadi unaotisha. Weupe wa viganja na midomo, michubuko isiyo na sababu, tezi zilizovimba, kupungua uzito na homa za kila siku ni lazima zipeleke kwenye hesabu kamili ya damu, na mara nyingine kwenye kipimo cha uboho. Ndipo inapoonekana sababu ya kutompa mtoto steroidi kwa mazoea. Steroidi hushambulia pia seli za saratani ya damu kwa muda, hivyo dozi za siku chache zaweza kuuficha ugonjwa huo, zikawachanganya wanaousoma uboho na kuchelewesha matibabu yanayookoa maisha. Kwa hiyo hazitolewi mpaka saratani iwe imeondolewa mezani kwa uhakika.

Kipimo kinachomaliza mashaka mengi ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, na kikiwezekana kiwe cha mwili mzima badala ya cha mahali panapouma tu. Hakitumii mionzi, huonyesha maji ya mchochota ndani ya mfupa muda mrefu kabla eksirei haijaonyesha kitu, na mara kwa mara hufichua vidonda ambavyo mtoto hakuwahi kuvilalamikia, vikiwemo vile vya mgongo. Mtoto anapaswa kulala kimya kwa muda mrefu ndani ya mashine yenye kelele, kwa hiyo wadogo huhitaji dawa ya usingizi. Ulizia mapema ili safari isiharibike. Hakikisha pia kwamba msomaji wa picha anapewa picha za zamani, kwa maana swali linaloulizwa si kama kuna kidonda, bali ni kama kimebadilika.

Je, kipande cha mfupa kikatwe tena? Si kila mara. Kidonda kilichoamka mahali pake pa zamani, au kipya kilicho mahali pa kawaida na chenye sura ya kawaida, hakihitaji kisu. Lakini kidonda kimoja kilicho peke yake, chenye sura ngeni, kinachovuka mipaka ya mfupa na kuingia katika nyama, au kinachokua licha ya matibabu mazuri, kinapaswa kuchukuliwa kipande, na sampuli ipelekwe kuoteshwa bakteria na pia kuchunguzwa kwa hadubini. Afadhali ichukuliwe mtoto akiwa hajapewa antibayotiki, kwani maabara ikishindwa kuotesha bakteria mtoto akiwa katikati ya dozi, hakuna anayejua kama hawakuwapo au walikuwa wamedhoofishwa.

Zipo pia familia zitakazosikia jibu gumu kulipokea, kwamba mtoto anaumwa kweli lakini MRI imetulia. Baada ya miezi ya maumivu, neva zaweza kuzoea kupiga kelele hata chanzo kikiwa kimeondoka. Maumivu huenea, huongezeka kwa mguso mwepesi, na hayafuati tena ramani ya vidonda. Mtoto huyo hadanganyi. Anachohitaji ni mazoezi ya viungo yanayoongezwa kidogo kidogo, usingizi wa mpangilio, kurudi shuleni na msaada wa mtaalamu wa saikolojia ya maumivu, na kumwongezea dawa za kukandamiza kinga hakutamsaidia kitu.

Dawa na matumizi yake

Majaribio makubwa ya kuzilinganisha dawa za ugonjwa huu ni machache, kwa kuwa wagonjwa wenyewe ni wachache, hivyo sehemu kubwa ya matibabu hutokana na uzoefu na makubaliano ya wataalamu. Hatua ya kwanza, kama mgongo haujaguswa, ni dawa za kutuliza mchochota zisizo na steroidi. Naproksini hutumika sana, kwa kawaida miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara 2. Indometasini na meloksikamu ni mbadala. Hapa dawa hii haimezwi maumivu yanapokuja tu, bali kila siku, baada ya chakula, kwa wiki kadhaa hadi miezi, kwa sababu lengo ni kuutuliza mchochota wenyewe. Mtoto akitapika au kuharisha hata akapungukiwa maji, mpigie daktari uulize kama isimamishwe kwa muda, ili figo zisiumie. Akilalamika tumbo, usikae kimya ukingoja miadi. Dawa ya kulinda tumbo huongezwa kwa urahisi.

Ugonjwa unaporudi mtoto akiwa bado kwenye dawa, kabla ya kuzungumzia dawa nyingine kagua mambo mawili ambayo hayahitaji utaalamu. Je, anaimeza kweli? Vijana hasa hujua kuificha chini ya godoro. Na je, dozi inalingana na uzito wake wa leo? Mtoto aliyeanzishiwa dawa akiwa na kilo 28 na sasa ana kilo 37, huku akimeza dozi ile ile, anatibiwa nusu nusu, na hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa kwa sababu karatasi ya dawa hunakiliwa tu kila miadi.

Mwaka 2018 wataalamu wa rumatolojia ya watoto wa Marekani Kaskazini walichapisha makubaliano kuhusu watoto ambao hatua ya kwanza imeshindwa au ambao pingili zao zina vidonda hai. Njia walizozitaja ni tatu: methotreksati au salfasalazini, dawa za kuzuia TNF, pamoja na methotreksati au bila hiyo, na bisifosfoneti. Kwa mgongo, hasa pingili ikianza kupungua kimo, wengi huruka moja kwa moja hadi bisifosfoneti au dawa za TNF, kwa sababu pingili iliyopondeka inaweza kumwachia mtoto kibiongo cha maisha.

Methotreksati humezwa au huchomwa mara 1 kwa wiki. Sentensi hiyo inastahili kuandikwa kwa kalamu nyekundu mlangoni mwa kabati la dawa, kwa sababu kuimeza kila siku kwa makosa huharibu uboho na kunaweza kuua. Chagueni siku moja, mtu mmoja awe ndiye mtoaji, na asidi ya foliki itolewe kama ilivyoandikwa ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Ini na hesabu ya damu hupimwa kwa ratiba. Matokeo huchukua miezi 2 hadi 3 kuonekana, kwa hiyo mwezi mmoja bila nafuu haumaanishi kwamba imeshindwa. Msichana aliyebalehe aambiwe waziwazi kwamba dawa hii hudhuru mimba.

Dawa za kuzuia TNF, kama adalimumabu, etanersepti na infliksimabu, huanza kusaidia mapema zaidi. Kabla ya sindano ya kwanza mtoto apimwe kifua kikuu na homa ya ini aina ya B, na chanjo zake zipitiwe, kwa maana chanjo zenye virusi hai hazitolewi akiwa kwenye dawa hizi. Sindano za nyumbani hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 bila kuganda. Homa yoyote ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo, na sindano inayofuata isitolewe mpaka aruhusu. Lipo jambo moja la kushangaza: dawa hizi, zinazotibu psoriasisi, zaweza kuileta kwa baadhi ya watoto wenye CRMO. Vipele vipya kichwani au viganjani vipigwe picha na kuonyeshwa, kwani vyaweza kuwa vya dawa au vya ugonjwa wenyewe.

Bisifosfoneti, kama pamidroneti na asidi ya zoledroniki, huwazuia wabomoaji wa mfupa, na huingizwa kwa dripu. Wapo watoto ambao maumivu yao hupungua ndani ya siku au wiki chache. Kabla ya dripu, vitamini D na kalsiamu zipimwe na upungufu urekebishwe, figo zipimwe, na meno yakaguliwe ili jino la kung'olewa ling'olewe kwanza. Baada ya dripu ya kwanza tegemea homa na mwili kuuma kwa siku 1 hadi 3. Hali hiyo hutibiwa kwa parasetamoli na mara nyingi hupungua katika dripu zinazofuata. Ganzi kuzunguka mdomo, vidole kuchomachoma au misuli kukaza ni dalili za kalsiamu iliyoshuka, na hizo haziachwi zipite zenyewe. Dawa hii hubaki ndani ya mifupa kwa miaka, kwa hiyo uamuzi wa kuitumia kwa msichana hujadiliwa pamoja na habari ya uzazi wake wa baadaye.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ikishakuwa salama kutolewa, hutuliza haraka na hufaa kama daraja la wiki chache wakati dawa ya polepole inasubiriwa. Kwa muda mrefu hudumaza kimo na kudhoofisha mifupa ile ile tunayoitetea, na kwa maoni yangu daktari anayeiandika anapaswa kuandika tarehe ya kuimaliza kwenye karatasi ile ile. Mzazi naye asiikatishe ghafla; hupunguzwa kwa ngazi.

Kupunguza na kuacha dawa

Mtoto asiyeumwa huchoka na dawa, na mzazi huchoka kumlazimisha. Hata hivyo uamuzi wa kupunguza haufanywi kwa sababu ya wiki chache za raha. Zinahitajika hali mbili kwa pamoja: miezi mingi bila dalili, na MRI inayoonyesha kwamba vidonda vimetulia, hasa vya mgongo. Dawa mbili zisipunguzwe kwa wakati mmoja, kwa kuwa ugonjwa ukiamka hutajua ni ipi iliyokuwa ikiuzuia. Chagueni pia kipindi ambacho mtoto hana mitihani wala safari, maana wiki za mwanzo baada ya kupunguza ndizo za kumwangalia kwa karibu, na daftari lililokuwa limepumzika hufunguliwa tena.

Ugonjwa ukirudi baada ya dawa kuachwa, kuanza upya dawa ile ile iliyowahi kufanya kazi huwa ni uamuzi wa busara, na wengi huitikia tena. Ukirudi kila mara dawa inapopunguzwa kufikia kiwango fulani, kiwango hicho kiandikwe. Ni taarifa ambayo hakuna maabara inayoweza kuitoa.

Wakati wote huu mtoto aendelee kutembea, kucheza na kuogelea kadiri anavyoweza, kwa kuwa kulazwa kitandani hudhoofisha misuli na mifupa. Anayezuiwa ni yule mwenye pingili iliyopondeka au iliyo hatarini, ambaye asiruke, asipigane mieleka wala asicheze michezo ya kugongana mpaka picha iruhusu. Urefu wa miguu upimwe kila mwaka, kwa kuwa kidonda kilicho karibu na sehemu ya ukuaji chaweza kuufanya mguu mmoja uwe mrefu au mfupi, na tofauti ikigunduliwa mapema mara nyingine husawazishwa kwa soli ya kiatu.

Watoto wengi ugonjwa huwatulia ndani ya miaka kadhaa; wengine huingia nao utu uzimani. Kwa ajili ya hao, anzeni mapema, mtoto akiwa na miaka 12 au 13, kumwacha ajieleze mwenyewe kwa daktari huku mzazi akikaa kimya pembeni. Akikaribia kuhamia kliniki ya watu wazima awe na bahasha yake: orodha ya mifupa yote iliyowahi kushambuliwa pamoja na tarehe, nakala ya majibu ya kipande cha mfupa, diski ya MRI ya kipindi cha ugonjwa na ya kipindi cha utulivu, jumla ya dripu za bisifosfoneti alizopata, na sababu iliyoandikwa ya kila dawa iliyoachwa, kama iliachwa kwa kuwa haikufanya kazi, kwa kuwa ilimdhuru, au kwa kuwa alikuwa amepata nafuu.